Sentensi za Nomuun

4 Novemba

Darasa la saba, wanafunzi kumi na wanne. Mwaka jana walikuwa kumi na sita, na kati yao ni wawili tu walioweza kuandika sentensi changamano isiyo na kasoro katika mtihani wa mkoa. Wawili! Leo asubuhi Mwalimu Mkuu Battsooj amenisomea barua ya mkoa ofisini kwake, polepole, kana kwamba mimi sijui kusoma. Tukishindwa tena Aprili, madarasa ya saba hadi tisa yatahamishiwa wilaya ya jirani, kilomita mia moja na kumi kutoka hapa.

"Wewe ndiye mwalimu wa lugha, dada Ichinhorloo," akasema. "Sitaki kukubebesha lawama."

Akanibebesha.

Lipo daftari rasmi la maendeleo ambalo mkaguzi atalisoma. Hili ni langu mwenyewe. Nina miaka hamsini na mmoja, na ishirini na minane kati ya hiyo nimeimaliza mbele ya ubao. Kuna mwaka darasa langu lilishika nafasi ya kwanza mkoa mzima. Kazi sijaisahau.

6 Novemba

Nimeanza. Kishazi huru husimama chenyewe: mbuzi wamelala. Kishazi tegemezi hakisimami: mbuzi walipolala. "Ukimwambia mtu hivyo kisha ukanyamaza," nikawaambia, "atakukodolea macho akingoja."

Tuguldur akanyoosha mkono. Huyu ni mtoto wa dereva wa lori la makaa ya mawe, na ndiye mcheshi wa darasa.

"Mwalimu, basi kishazi tegemezi ni kama mjomba wangu. Hawezi kukaa kwake mwenyewe."

Darasa likaangua kicheko.

"Na kishazi huru je?"

"Ni mama. Kila siku anasema mjomba aondoke, na mjomba yupo tu, kajilaza karibu na jiko."

Nimecheka hata mimi. Ni maelezo mazuri kuliko ya kitabu.

Kisha nikasahihisha madaftari bwenini, na kicheko kikaniisha. Yuko msichana mmoja, Nomuun, miaka kumi na mitatu, mtoto pekee wa wafugaji wa bonde la magharibi. Kwao ni kilomita thelathini na nane, kwa hiyo anakaa bwenini. Ameandika sentensi tano, na zote ni nusu. *Theluji ilipoanguka. Baba alipotoka. Kwa sababu farasi alikuwa mgonjwa.* Kando ya kila moja nimeandika kwa wino mwekundu: Halafu?

9 Novemba

Theluji. Nimeamua: sentensi changamano kumi, kila mtoto, kila siku, mpaka Aprili. Battsooj naye ameweka kanuni: hakuna mtoto kuruhusiwa kwenda kwao siku za masomo.

17 Novemba

Nimemwita Nomuun mezani.

"Farasi alikuwa mgonjwa. Halafu?"

"Halafu nilikuja shule, Mwalimu. Sijui ilikuwaje."

"Buni basi. Andika kwamba alipona."

Akavuta mkono wa sweta.

"Siwezi kuandika alipona, Mwalimu, wakati sijui."

Nikampa sifuri. Mkoa hautaki kujua farasi wao yukoje.

3 Desemba

Mvua. Mvua mwezi wa Desemba! Imenyesha asubuhi yote juu ya theluji, na kufika saa tisa alasiri kila kitu kimeganda. Nimetembea kutoka darasani hadi nyumbani nikishikilia uzio.

Dulmaa, mlezi wa bweni, kanikuta njiani. Mdomo wa mwanamke huyu haujui kupumzika. "Mwalimu, sasa hii ndiyo zud yenyewe. Majani yamefungiwa chini ya barafu. Wanyama wataikwangua mpaka midomo itoke damu, na hawatapata kitu. Utaona watakavyokufa."

Dulmaa hutaja zud, baridi ya kuua mifugo, kila mwaka, kama watu wengine wanavyotaja mafua.

11 Desemba

Sentensi zote ni za mifugo. *Ng'ombe alipoanguka, hakuinuka tena. Ingawa tulimfunika blanketi, ndama alikufa.* Nimechoka. Nimetangaza kwamba wiki hii hakuna ruhusa ya kuandika habari za mnyama yeyote.

"Hata mjomba, Mwalimu?" akauliza Tuguldur.

20 Desemba

Nyuzi arobaini na nne chini ya sifuri. Kalamu hazitoi wino mpaka uziweke kwapani.

8 Januari

Ndugu wawili wameondoka leo. Baba yao alikuwa na mifugo mia tatu na wamebaki ishirini, akawauza hao kwa bei ya ngozi. Familia inahamia mji mkuu. Mdogo aliniletea daftari lake ili nisahihishe kazi ya jana kabla lori halijaondoka. Nimelisahihisha nimesimama, nje, na glavu mkononi.

Tumebaki na kumi na wawili.

15 Januari

Nimemdhania Dulmaa vibaya. Kila Jumapili humwona akipanda kilima nyuma ya shule, mahali pekee penye mtandao wa simu, nami nilijisemea anakwenda kupiga umbea. Leo nilipanda kumpigia mwanangu, nikamkuta. Ana karatasi yenye majina ya watoto wote wa bweni. Anapiga simu kwa kila mfugaji aliye karibu na mtandao, na kupitia kwake anauliza habari za wengine, halafu anashuka kumweleza kila mtoto ya kwao. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa baridi.

"Nawaambia yote," alisema. "Watoto hawa, ukiwaficha, watabuni mabaya zaidi."

23 Januari

Habari kutoka bonde la magharibi: Handsuren, mama yake Nomuun, ameteleza kwenye barafu akavunjika kifundo cha mguu. Hawezi kusimama. Nomuun alisikiliza, akamshukuru Dulmaa, akarudi kuandika.

29 Januari

Tisa.

10 Februari

Sikukuu ya Mwezi Mweupe. Njia zimefungwa, hivyo watoto wengi hawakwenda makwao. Dulmaa na mimi tumewapikia maandazi ya mvuke yaliyojazwa nyama, manne manne kila mmoja, nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe. Wote walijua, wakala. Walinipa salamu za mwaka mpya mmoja baada ya mwingine, mikono yao chini ya viwiko vyangu kama wanavyofanya kwa bibi zao.

Nomuun aliniletea sentensi kumi hata leo. Moja nimeinakili hapa: *Tangu mama avunjike mguu, baba anachota barafu, anapika na kuchunga peke yake, ingawa mikono yake imepasuka kwa baridi.* Vishazi vitano, hakuna kosa. Hakuna tena nusu. Nimeisoma kwa sauti mbele ya wenzake, naye akawa mwekundu mpaka masikioni.

Nimejiambia: huyu ndiye. Huyu ndiye atakayetuokoa Aprili.

19 Februari

Gombosuren, baba yake Nomuun, amekuja leo saa nne asubuhi, katikati ya kipindi. Nilimwona dirishani kabla hajagonga. Mtu mfupi, koti lake la ngozi ya kondoo limegandamana na theluji hadi magotini. Alikuwa amempanda farasi mmoja na kumvuta mwingine aliyetandikwa tayari, tandiko dogo.

Nilitoka nikasimama naye mlangoni.

"Hujambo Mwalimu. Baridi inakupitia salama?"

"Inapita. Na yenu?"

"Inapita." Akavua kofia. "Nimekuja kumchukua mtoto. Siku kumi na tano."

"Haiwezekani. Mtihani ni Aprili."

"Mama yake hasimami. Kondoo wameanza kuzaa. Wamebaki mia na arobaini. Namtaka mtu wa farasi wa pili."

"Tafuta kijana umlipe."

"Hakuna mtu, Mwalimu. Kila mtu ana wake wanaokufa."

Anaongea hivyo, kwa sentensi fupi fupi, kila moja kama kigingi kinachopigwa ardhini. Nilikasirika. Nilifikiria ile barua, na madawati matano yaliyo wazi, na kwamba kila anayeondoka husema ni siku kumi na tano.

"Mdogo wangu Gombosuren," nikasema, "wewe uliacha shule darasa la ngapi?"

Akatazama viatu vyake. "La nne."

"Kwa nini?"

"Baba alikuja kunichukua. Ulikuwa mwaka wa zud."

"Kwa siku kumi na tano?"

Akaipangusa theluji ya kofia kwa kiganja.

"Na mtoto wako naye unataka aje kuwa hivyo? Asimame mlangoni pa mwalimu, kofia mkononi, asijue la kusema?"

Mlango ulikuwa wazi. Darasa zima lilisikia. Nyuma yangu nikasikia kiti kikisukumwa, na sauti ya Nomuun:

"Mwalimu, naomba niende."

"Keti."

Akaketi. Gombosuren alikuwa anaizungusha kofia yake mikononi. Angeweza kuniambia mtoto ni wake. Angeweza kumshika mkono wakaondoka, na mimi nisingemzuia. Badala yake akauliza kwa sauti ya chini:

"Anafanya vizuri?"

"Ni wa kwanza."

"Wa kwanza," akarudia. Uso wake ukabadilika, nikaona meno yake. "Basi abaki."

Aliomba tu amwone. Walisimama kwenye korido. Akampa mfuko wa jibini kavu, akamnusa kichwani, mara moja kila upande, kama wazazi wa huku wanavyobusu, na akaondoka, yule farasi wa pili akimfuata bila mtu.

Katika daftari rasmi nimeandika: Mzazi mmoja ameelimishwa juu ya umuhimu wa mahudhurio.

20 Februari

Nomuun ameandika kumi, zote sahihi. Hakuna hata moja inayotaja nyumbani.

26 Februari

Jua. Barafu inadondoka matone paa la kusini. Watu wanasema labda imekwisha.

1 Machi

Haijakwisha. Upepo ulianza saa tano asubuhi kutoka kaskazini-magharibi, na kufika saa sita sikuuona tena mlingoti wa bendera uliopo hatua ishirini kutoka dirishani. Tumefunga kamba kutoka darasani hadi bwenini, watoto wakavuka wakiwa wameishika. Niliwahesabu mara tatu.

2 Machi

Bado.

3 Machi

Bado. Tumefundishia bwenini, wote vitandani na makoti yao. Nomuun alikaa akiutazama ukuta wa magharibi, usio na dirisha.

5 Machi

Dulmaa ameingia darasani bila kubisha hodi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno mdomoni. Akaniashiria nitoke.

"Wamempata Gombosuren."

Nikauliza wapi, kana kwamba mahali pangebadilisha kitu. Katika mto mkavu, kilomita kumi na tisa kutoka hemani kwake. Ameketi, kondoo wamemzunguka. Kati ya hao kondoo, sitini walikuwa hai.

Mimi nimekulia mjini. Mambo haya siyajui vizuri, na Dulmaa alinieleza tukiwa tumesimama pale koridoni. Kimbunga cha theluji kikianza, kondoo huugeuzia upepo mgongo wakaondoka nao. Hawasimami. Ili kuwarudisha, mmoja lazima atangulie mbele na farasi awazuie, mwingine awasukume ubavuni. Mtu akiwa peke yake hawezi kuwageuza. Anachoweza ni kutembea nao, akitumaini upepo utatulia kabla yake.

"Nomuun ndiye huwa anatangulia mbele," Dulmaa akasema. "Tangu akiwa na miaka minane." Hakunitazama alipokuwa akisema hivyo.

Tukamtoa Nomuun. Nilisema nitamwambia mimi. Mimi ndiye mwalimu wake. Nikamshika mabega, nikaanza: "Nomuun, upepo ule ulipokuwa ukivuma, baba yako alipotoka kuwafuata kondoo..."

Nikashindwa. Akanitazama, akingoja.

Ni Dulmaa aliyemaliza.

6 Machi

Jirani yao amekuja kumchukua kwa pikipiki. Nilitoka na skafu yangu ili nimfunge shingoni. Alikuwa na yake tayari.

9 Machi

"Hukumuua wewe, dada," Battsooj ameniambia leo.

Sikuwa nimemuuliza.

11 Machi

Tuguldur alinyoosha mkono katikati ya somo. Nilijua si utani. Hajatania tangu siku ile.

"Mwalimu, kwa nini ulimkatalia baba yake?"

"Keti, Tuguldur."

"Nimeketi, Mwalimu."

Alikuwa ameketi kweli. Nikageukia ubao nikaandika nilichoandika, sijui nini, mpaka kengele ikalia.

18 Machi

Tano. Leo ilikuwa zamu ya sentensi za masharti: kama ningefanya hivi, ingekuwa vile. Nimeiruka sura nzima.

24 Machi

Silali vizuri, nakula kwa kujilazimisha. Nje ya kijiji wamerundika mizoga ili tingatinga ije kuchimba shimo ardhi ikilainika. Napita hapo kila siku kwenda dukani. Mbuzi waliganda wakiwa wamesimama, kisha wakalazwa ubavu, miguu imenyooka. Watoto wa darasa la kwanza wanacheza wakirukaruka juu yao, na hakuna anayewakemea. Hata mimi sikuwakemea.

2 Aprili

Nomuun amerudi.

Jirani kamleta, na karatasi iliyokunjwa kutoka kwa mama yake. Mstari mmoja: *Baba yake alisema abaki, kwa hiyo namrudisha.* Hakuna salamu. Nimeusoma mara nyingi, nikitafuta hasira ndani yake. Sikuiona. Ndiyo maana nashindwa kuuweka chini.

Nomuun alinisalimia kwa adabu kama siku zote, akakaa dawati lake, akauliza ameachwa nyuma sura ngapi.

5 Aprili

Anaandika kumi kila siku. Sina cha kusahihisha. Leo nilimbakisha darasani wenzake walipokwenda kula.

"Nomuun, kama una jambo la kuniambia, niambie."

"Sina, Mwalimu."

"Unanichukia?"

Akafikiri. Huyu mtoto huwa anafikiri kweli kabla ya kujibu.

"Nikikuchukia sasa, Mwalimu, mtihani nitaufanyaje?"

Akaomba ruhusa, akaenda kula.

11 Aprili

Mtihani. Watahiniwa sita. Bahasha ya mkoa tuliifungua mbele ya Battsooj saa tatu kamili. *Andika insha juu ya majira ya baridi ya mwaka huu, ukitumia sentensi changamano zisizopungua kumi.*

Sita hao wakainama kwa pamoja. Nomuun hakuinua kichwa mpaka mwisho.

Sheria inanitaka nihakiki kurasa kabla ya kufunga bahasha. Nilizihesabu, na ya kwake nikaisoma. Sikupaswa. Naandika hapa sehemu yake, maana bahasha ikiondoka sitaiona tena:

*Kwa kuwa mama alikuwa amevunjika mguu, baba alikuja shuleni kunichukua. Kwa kuwa mwalimu alikataa, baba alirudi na farasi wawili, mmoja akiwa hana mpandaji. Upepo ulipoanza, kondoo waliondoka wakiufuata. Kondoo wanapoufuata upepo, mtu mmoja hutangulia mbele ili mwingine awasukume ubavuni. Ingawa baba alijua kwamba mtu mmoja hatoshi, alikwenda, kwa sababu walikuwa ndio wote tuliobaki nao. Alipokuwa akitembea nao, mimi nilikuwa shuleni nikijifunza kuandika sentensi kama hii.*

Sentensi ziko kumi na mbili. Mkato kila mahali pake. Hakuna kishazi tegemezi kilichoachwa wazi. Na nitaliandika hili, ingawa nalionea aibu kuliko yote niliyoyaandika humu: kabla sijahisi kingine chochote, nilihisi fahari.

12 Aprili

Battsooj ameisoma pia. Alifunga mlango wa ofisi, akaiweka insha mezani kati yetu.

"Tuitoe hii. Tutaandika kwamba aliugua asubuhi ile. Watabaki watano, na watano hao wamefaulu, nimewasoma."

"Ukiitoa, Nomuun anapata sifuri."

"Ukiiacha, kuna mtu mkoani ataisoma na kuuliza ni mwalimu gani huyo. Umebakiza miaka minne tu kufikia pensheni, dada. Fikiri." Kisha, kwa sauti nyingine: "Hata jina langu litaulizwa. Kanuni ya kutowaruhusu watoto niliiweka mimi. Wewe uliifuata tu."

Miaka kumi na moja nimefanya kazi chini ya mtu huyu nikimwona karani wa barua za mkoa. Macho yake yalikuwa mekundu. Sidhani amelala vizuri kuliko mimi.

"Na iulizwe," nikasema.

Nikaitia bahasha gundi mimi mwenyewe. Nilitaka waulize. Nimekuwa nikingoja tangu tarehe tano Machi mtu mmoja mwenye muhuri aniulize.

30 Aprili

Hakuna barua. Upepo wa vumbi.

9 Mei

Majani yameanza kuota mahali walipokufa wanyama, mabichi sana. Waliobaki wanakula hapo hapo.

22 Mei

Matokeo. Wote sita wamefaulu. Nomuun ana alama zote, wa kwanza katika mkoa. Insha yake imerudishwa na muhuri, na kando ya sentensi ya pili, ile ya farasi wawili, msahihishaji amepiga alama ya vema na kuandika: *Mpangilio wa vishazi ni bora.*

Nimegeuza kila ukurasa. Nimeangalia nyuma ya karatasi. Hakuna kingine.

Saa nane mtu wa mkoani akanipigia, nikiwa kilimani. Sauti changamfu ya kijana. "Mama, hongera sana! Tungependa mwezi wa Agosti uje kuwaeleza walimu wenzako mbinu uliyotumia."

"Umeisoma insha yenyewe?" nikamuuliza.

"Jedwali la alama ninalo hapa, mama. Ni la kupendeza mno."

Nikamwambia sitakuja. Akadhani ni unyenyekevu, akanipongeza tena. Halafu akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kwa kuwa idadi ya wanafunzi imeshuka chini ya kumi, madarasa ya juu yatafungwa mwezi huu wa Juni kama ilivyopangwa.

23 Mei

Sikufundisha. Nilikaa mbele ya watoto sita nao wakakaa. Mwishowe Tuguldur akasimama, akatia makaa kwenye jiko la darasa.

3 Juni

Handsuren amekuja kijijini na vitu vyake vyote juu ya lori la baba yake Tuguldur: hema limekunjwa, jiko, sanduku, cherehani. Wanahamia mji mkuu, kwa dada yake. Wale kondoo sitini wamegawiwa ndugu. Anatembea kwa fimbo.

Nilikuwa nimejiandaa siku kumi. Nilikuwa na maneno. Nilimsogelea pale kwenye lori nikasema, "Handsuren, nimekuja..." naye akanikatiza, bila ukali.

"Mwalimu, tuna safari ndefu. Cheti cha mtoto kiko wapi?"

Nikampa. Alikifunga kwenye kitambaa, akakitia kifuani, akaenda kumlipa mtu aliyemsaidia kufunga kamba. Hilo ndilo lote tulilozungumza. Kama angenitukana, ningekuwa na kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Nomuun alikuwa amekaa juu ya sanduku nyuma ya lori, skafu usoni kuzuia vumbi. Aliponiona akashuka, kwa kuwa si adabu kuzungumza na mwalimu ukiwa juu yake.

"Mwalimu, wamesema nini kuhusu insha yangu?"

"Walikupa alama zote."

"Najua. Mama alinionyesha cheti. Waliisoma?"

Nilitazama kilima, lori, mikono yangu. Ningeweza kusema ndiyo.

"Hapana," nikasema. "Nadhani walihesabu vishazi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo.

"Mimi niliisoma," nikasema.

"Niliiandika uisome wewe, Mwalimu."

Baba yake Tuguldur akawasha injini. Nomuun akaniambia kaa salama, kama mtoto yeyote anavyomwambia mwalimu wake mwisho wa mwaka, akapanda. Walipofika kwenye daraja sikuweza tena kumtofautisha na mizigo.

5 Juni

Vumbi. Nimempelekea Battsooj funguo za darasa la saba. Alinionyesha mahali pa kutia sahihi.